Baruti ya fataki za kienyeji: mkaa wa mti gani unafaa na shura naipata wapi? (niko Tabora)

Mtoto wa Isevya:

Habari za humu ndani wakuu, poleni na majukumu. Mimi niko Tabora mjini, mambo ya fataki nayapenda toka niko mdogo, sasa siku hizi nafuatilia YouTube kuna wazungu wanatengeneza za kwao wenyewe nyumbani, baruti nyeusi wanachanganya wao, wanafunga kwenye karatasi ngumu usiku wanarusha inapasukia huko juu nyekundu na kijani mpaka unabaki mdomo wazi. Nimeshajua ni vitu vitatu tu, mkaa, salfa na shura. Mkaa kwetu sio habari, Tabora ukikosa mkaa ujue umeamua mwenyewe.

Maswali yangu sasa. Mkaa wa mti gani ndio wenyewe maana naona wale jamaa wanabishana sana kwenye hilo, halafu hiyo shura inapatikana kwenye maduka ya pembejeo au mpaka Dar, na je kama ni kidogo tu cha kufurahia mwaka mpya mtaani kuna haja ya kibali kweli? Fataki za dukani bei imechangamka na nyingine ukiwasha zinafuka moshi tu basi. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, mahubiri wekeni pembeni kwanza.

Jembe la Urambo:

Mkuu kabla hujafika kwenye mti wa mkaa andaa kwanza maelezo ya kumpa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, maana jirani akisikia mlipuko saa nne usiku hapo Isevya hatasema ni shabiki wa fataki, atasema kuna mtu anatengeneza mabomu. Na kwenye begi wakikuta salfa na shura na mabomba ya karatasi utaeleza mpaka ukauke koo.

Ila swali zuri, nakaa hapa nasubiri wataalamu.

Simba wa Ng'ambo:

Acheni kumtisha kijana bwana. Wachina wanatengeneza hiyo kitu miaka elfu na zaidi hawakuwa na maabara wala digrii. Wazee wetu hapa Unyamwezi walikuwa na magobore, wanashindilia baruti wanakwenda porini kuwinda wanarudi na nyama. Leo mtu ana simu ina kila kitu mnamwambia hawezi? Kijana fanya kidogo kidogo utaelewa mwenyewe, hakuna aliyezaliwa anajua.

Fundi Kokoto:

Mwakeye wakuu. Niko Kigoma, kazi yangu ni kupasua mawe kwenye machimbo ya kokoto, kwa hiyo baruti ndio inanilisha, naomba nisikike kidogo.

Simba hapo juu anasema fanya kidogo kidogo utaelewa. Nimkumbushe jambo moja ambalo watu wa nje ya hii kazi wengi hawalijui. Watu wanaamini baruti nyeusi ni ya kitoto kwa sababu ni ya zamani, na hizi za kisasa tunazojazia kwenye matundu ya mwamba ndio hatari. Kwenye kushika na mkono ni kinyume kabisa. Hizi za kisasa zimetengenezwa makusudi ziwe ngumu kulipuka, bila kilipuzi maalumu cha kuianzishia ile kitu ni mzigo tu, unaibeba unaiweka chini. Hiyo nyeusi yenu haisubiri kilipuzi. Cheche moja ya chuma kugonga jiwe inatosha, ule umeme mdogo unaokuchoma vidole ukivua sweta la nailoni wakati wa kiangazi nao usiuamini, sigara ndio usiseme. Ndio maana migodi duniani kote iliiacha hiyo nyeusi ikahamia kwenye hizi nyingine, na moja ya sababu ni kwamba iliwamaliza watu.

Na kile unachokiita kidogo kidogo, baruti haikujaribu kwanza ikakuonya halafu ndio ikupige. Leo unasaga haiwaki, kesho haiwaki, unazoea, keshokutwa umekaa sebuleni na wadogo zako wanaangalia tamthilia. Mikono inaenda kwanza, halafu macho.

Kuhusu kibali nikujibu moja kwa moja kwa sababu umeuliza. Tanzania kuna Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 mpaka leo inatumika, kutengeneza ni leseni, kuhifadhi ni leseni, kununua na kusafirisha ni kibali, na sisi tunaolipua tuna vyeti vyetu vya kulipulia ambavyo unafanyiwa mtihani. Hayo yote yanapita Tume ya Madini, nenda ofisi ya madini ya mkoa watakueleza. Kwenye machimbo yetu sisi wenyewe tuliosomea HATUCHANGANYI chochote kwa mkono, inakuja imefungwa, inalala kwenye stoo yake mbali na watu, ina daftari, kilichotoka na kilichorudi kinaandikwa na lazima viwiane. Sasa wewe uko chumba cha kupanga Isevya.

Mkaa wa mti gani sitakwambia, samahani.

Mtoto wa Isevya:

Asante Fundi nimekusoma. Ila bado naona wale wazungu wanafanya kwenye gereji zao na hawafi, au kule baruti yao ni nyingine?

Damu ya Unyanyembe:

Wakati mnasubiri wakemia acha mimi nimjibu Simba kuhusu wazee, maana hapo kachanganya mambo.

Magobore yalikuwepo, tena kwa maelfu. Lakini baruti kwa sehemu kubwa ilikuwa bidhaa ya kununua, ilipanda na misafara kutoka pwani pamoja na nguo na shanga na nyaya za shaba. Wamarekani wa mji wa Salem walikuwa wanaleta Zanzibar shehena ya merikani (kile kitambaa cha pamba) na bunduki na baruti toka miaka ya 1830, walikuwa na mkataba na Sultan wa 1833, halafu wanaondoka na pembe za ndovu na sandarusi, ile gundi ya miti. Kutoka Zanzibar inavuka Bagamoyo, inabebwa vichwani na mabegani na wapagazi ambao wengi wao ni Wanyamwezi wenyewe, miezi kadhaa mpaka inafika Tabora, hapo ndio inagawanyika nyingine Ujiji nyingine Karagwe. Kwa hiyo yule mzee na gobore lake porini alikuwa mteja, tena mteja wa bidhaa ghali, alikuwa anapima kila punje.

Na ndio maana Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa tishio. 1871 alipofunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, Waarabu wa Tabora walichanganyikiwa, hata Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone ilibidi azunguke kusini ndio akafika Ujiji mwaka huo huo. Nani ana baruti na nani anazuia isipite, siasa yote ya Unyamwezi wakati ule unaweza kuisoma kwa swali hilo.

Halafu kuna Isike, mtemi wetu wa Unyanyembe. Mtu wa Tabora asiyejua hii ajiulize vizuri alisoma wapi. Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja ngome haikuvunjika, Januari 1893 ndio wakaingia wakiongozwa na Tom von Prince. Isike alipoona wameshavuka ukuta akaingia kwenye ghala lake la baruti akaliwasha akiwa humo humo. Yaani hapo hapo Tabora yako baruti nyeusi ilishaonyesha inafanya nini ndani ya nyumba, huhitaji YouTube.

Jembe la Urambo:

Mtu wa Urambo nimepita kusema Mirambo ni wetu, endeleeni.

Damu ya Unyanyembe:

Hahaha nilijua tu utakuja.

Mwl wa Kibirizi:

Nafundisha kemia sekondari huku Kigoma, nimeuona uzi jana usiku nikasema nitajibu nikitoka kusahihisha. Kijana udadisi wako mimi naupenda, wanafunzi wangu wangekuwa na nusu yake ningelala usingizi. Ngoja nikueleze kinachotokea mle ndani, kwa sababu kuelewa baruti ni jambo moja na kuipika ni jingine, na watu wengi wanaoipika hawaielewi.

Mkaa na salfa ni kuni. Vyote viwili vinaungua vyenyewe kwenye hewa polepole, hilo kila mtu analijua. Shura ndio mwenye mchezo. Ile ni chumvi ya potasiamu na naitrojeni iliyoshikilia oksijeni nyingi tumboni, ikipata moto inaiachia. Ni kama msafiri aliyefunga wali wake kwenye hotipoti, hana shida na hoteli za njiani. Kwa hiyo baruti haitegemei hewa ya nje, ukiifunika na ndoo inawaka, ukiimwagia mchanga inawaka, ndani ya mtutu uliozibwa inawaka. Moto wa kawaida unauzima kwa kuunyima hewa, huu huwezi. Watu wanaojua kuzima moto wa jikoni hujikuta hapa hawana silaha hata moja, wanabaki kukimbia tu, na kukimbia kwenyewe uwe umeanza mapema.

Jambo la pili. Ikiwa wazi inawaka kwa mfoko, fuuu, moshi mweupe mwingi, basi. Ule moshi ni mwingi kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa kinachobaki sio gesi bali ni vumbi gumu, ndio maana kwenye vita za zamani baada ya raundi chache askari walikuwa hawaonani. Lakini ifungie, hata kwenye karatasi iliyokazwa tu, gesi ikikosa pa kutokea presha inapanda, joto linapanda, inaungua kasi zaidi, presha inapanda tena. Ule mzunguko ndio mlipuko. Sasa angalia ubaya wake, mtu anajaribu kwenye kifuniko cha soda anaona inafoka tu anasema aah haina nguvu, anaongeza, anaifunga. Kile alichokijaribu na kile alichokifunga ni vitu viwili tofauti ingawa vimetoka kwenye mfuko mmoja.

Ulivyouliza kuhusu mti wa mkaa, ni kweli una maana, wale jamaa hawabishani bure, mkaa una vitundu na mabaki ya ubao ambayo hutofautiana mti kwa mti. Nami nakomea hapo hapo alipokomea Fundi.

Sasa wazungu wa gereji. Video ina dakika kumi na fremu ndogo. Hukuonyeshwa kile kibanda kilichoko mbali na nyumba, hukuonyeshwa majirani wako umbali gani, na ambaye mkono wake ulikatika hana chaneli. Wanaofanya vizuri kule wana vyama, Marekani kuna Pyrotechnics Guild International toka 1969, watu wanafundishana uso kwa uso miaka, wana kanuni za nani anawasha na nani anasimama wapi. Malta kila kijiji kina watu wake wa fataki kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wa parokia, kazi ya kurithishana, na bado viwanda vyao vinalipuka na kuua watu waliozaliwa humo humo. Uholanzi mji wa Enschede ghala la fataki lililipuka Mei 2000 likaua watu 23 na kufuta mtaa mzima, hiyo ni Ulaya yenye zimamoto na wakaguzi. Soko la fataki la Tultepec Mexico Desemba 2016 walikufa zaidi ya 40, na pale ni watu ambao hiyo ndio kazi ya ukoo.

Viwanda vya zamani navyo vinakufundisha. Familia ya du Pont walianza kutengeneza baruti Marekani 1802 kando ya mto Brandywine, vile vinu vyao walivijenga kuta tatu nene za mawe na upande wa nne unaotazama mto wakauacha mwepesi kabisa. Kwa nini? Walishakubali kwamba kitalipuka, wakachagua tu kilipukie upande gani. Na pamoja na hayo 1818 walipoteza zaidi ya watu 30 kwa siku moja. Wewe ukuta wako wa nne unatazama kwa nani hapo Isevya?

Mtoto wa Isevya:

Mwalimu hapo kwenye ukuta umenimaliza lol. Upande mmoja ni mama mwenye nyumba, mwingine ni jamaa wa chipsi ana mtungi wa gesi.

Swali lingine basi, utotoni wote tumecheza ile ya spoki ya baiskeli unakwangulia njiti za kibiriti unapigiza ukutani inalia paaa. Ile nayo ni baruti nyeusi? Maana nilikuwa nafikiria kama shura haipatikani nichanganye na zile njiti.

Mwl wa Kibirizi:

HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, sikasiriki.

Kichwa cha njiti sio baruti nyeusi, kina kitu kinaitwa kloreti, na kloreti ni jamaa mwingine kabisa. Akichanganywa na kitu cha kuungua hahitaji moto, msuguano tu anawaka, na hiyo ni moja ya sababu kibiriti kinawashwa kwa kukwangua. Akikutana na salfa ndio anakuwa hana hata subira, unaweza kuwa unakoroga tu taratibu. Uingereza walikataza kuchanganya kloreti na salfa kwenye fataki toka 1894, baada ya kuzika watu waliokuwa wanalipwa kufanya kazi hiyo. Hili ndio kosa linalowapata vijana wanaobuni wenyewe kwa sababu kibiriti kinaonekana ni kitu cha nyumbani.

Na ile spoki mnayoicheka, ile kazi ya kukwangua njiti ndani ya kitundu cha chuma ni msuguano mtupu, mliopona mmepona.

Sista wa Cheyo:

Nimekuwa msomaji tu humu ila hapa naandika. Mimi ni nesi. Sikukuu zikipita tunapokea mikono na macho, wengi ni watoto wa kiume, na mara nyingi aliyeumia sio aliyewasha, ni mdogo mtu alisogea kuangalia kwa nini haijalia.

Niseme haya mawili ndugu zangu kwa sababu watu wanayakosea nyumbani kabla hawajafika kwetu. Kuungua, weka maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, usichoke mapema, maji ya bomba au ya kumimina na kopo. Usipake dawa ya meno, usipake mafuta, usipake yai wala unga wa ngano, tunakuja kuvikwangua na ndio maumivu yenyewe. Pete na saa vua mapema kabla hapajavimba.

Jicho ni tofauti, hapo wengi wanakimbilia kuosha. Kama kitu kimelipuka usoni na jicho linauma au halioni, USILISUGUE, usilioshe, usilikandamize, usichomoe kilichochoma. Funika na kitu kigumu chenye nafasi kama kitako cha kikombe cha karatasi kisiguse jicho, twende hospitali usiku huo huo. Kulisugua ndio kunamalizia kazi.

Simba wa Ng'ambo:

Haya sista nimesikia, mimi nilikuwa nampa kijana moyo tu. Ila mnakubali kwamba mmemjibu kila kitu isipokuwa alichouliza 😂

Fundi Kokoto:

Kabisa, na tutaendelea hivyo hivyo.

Mwl wa Kibirizi:

Simba acha nimpe cha kufanya basi, maana kumwambia mtu usifanye halafu ukamwacha hivyo ni nusu ya kazi.

Kijana wewe ukichunguza hutaki baruti, unataka rangi na cheche. Baruti kwenye fataki kubwa ni dereva tu, inasukuma kombora juu na kulipasua, rangi inatoka kwenye chumvi za metali. Nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, njano ni sodiamu, bluu ni shaba na hiyo bluu ndio inawatesa mafundi dunia nzima kwa sababu joto likizidi kidogo rangi inapotea. Mpaka miaka ya 1830 hivi fataki za Ulaya zilikuwa rangi ya dhahabu na nyeupe nyeupe tu, hizi rangi kali zilikuja baadaye.

Hayo unaweza kuyaona jikoni bila kulipua kitu. Jiko la gesi, mwali wa bluu, punje chache za chumvi ya mezani, mwali unageuka njano papo hapo. Chumvi ya Uvinza hii yetu ambayo watu wamekuwa wakiichemsha pale kwenye chemchemi zaidi ya miaka elfu moja, ukiirushia kwenye mwali unapata njano ile ile ya fataki ya Beijing, sodiamu ni sodiamu. Kipande cha waya wa shaba kilichosuguliwa kikawa safi, kishike na koleo ukiingize kwenye mwali, utaona kijani, ukikichovya kwanza kwenye chumvi, njano ya chumvi ikishapungua kinaelekea bluu. Madirisha wazi, na usiongeze spiriti wala petroli ukidhani utanogesha.

Cheche za dhahabu nenda kwa fundi wa kuchomelea akiwa anakata chuma na grinda usiku. Zile sio moto wa grinda, ni vipande vidogo vya chuma vyenyewe vinaungua hewani, na ndio zile zile mafundi wa fataki wanazozipata kwa kuweka unga wa chuma. Angalia akikata chuma cha kawaida na akisaga patasi ngumu, cheche za patasi zinachanua matawi matawi kwa sababu ya kaboni iliyomo. Mimi huwa nawapeleka wanafunzi kwa fundi pale Mwanga, hawasahau. Simama pembeni tu, na miwani.

DJ Bangwe:

Nafanya shughuli za harusi na send-off huku Kigoma, nikuongezee upande wa kufurahisha mtaa kwa sababu umesema ndio lengo.

Kwanza kibali cha fataki unaombea polisi, andika barua mapema eleza siku, saa, uwanja na nani anasimamia, usisubiri tarehe 30 Desemba. Kila mwaka mpya polisi wanatangaza marufuku ya kupiga fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani, tangazo hilo sio la kupamba gazeti. Ukienda umejiandaa na mwenyekiti wa mtaa anakufahamu, mnaongea vizuri tu.

Pili changeni. Mtaa mzima mkichanga mnanunua boksi moja la maana kwa muuzaji anayeeleweka badala ya kila mtoto kushika kafataki kake mkononi. Hizo zilizofuka moshi ulizonunua mara nyingi zimekaa kwenye unyevu au ni za miaka iliyopita, mwambie muuzaji akufungulie uone boksi halijavimba na utambi haujalowa. Isiyolipuka usiirudie, usiiinamie, usiiwashe tena, iache nusu saa halafu ndoo ya maji. Anayewasha awe mmoja, hajanywa, na asiweke uso juu ya bomba hata sekunde moja. Uwanja uwe wa mpira sio kichochoro, na kwenu Tabora angalieni nyumba za nyasi na mashamba ya jirani, mwaka mpya kuna mvua kidogo afadhali ila ukifanya mwezi wa nane porini kule utachoma mizinga ya watu ya asali.

Kwenye kumbi siku hizi tunatumia zile mashine za cheche za baridi, zinamwaga cheche nyeupe maharusi wanapita katikati. Jina tu hilo, sio baridi, unga wake ni metali inaungua, pazia na vitenge viwe mbali. Ila hakuna kombora wala mlipuko na unaweza kukodi kwa usiku mmoja.

Jembe la Urambo:

Mimi kwenye kuchanga naingia hata kama niko Urambo, nitakuja kuangalia.

Mtoto wa Isevya:

Wakuu nimesoma yote, nyingine mara mbili. Ya waya wa shaba nimeijaribu jana usiku ile bluu nimeiona kweli, mama mwenye nyumba kaja kuuliza nachoma nini nikamwambia chumvi akaondoka haamini. Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, hana shida mradi tuende polisi pamoja na uwanja uwe wa shule kwa ruhusa ya mkuu. Kuchanga vijana wamekubali ila mzigo mzuri naambiwa upo Dar, je nikimtuma mtu anunue aniwekee kwenye basi la Tabora si unafika kesho yake?

Fundi Kokoto:

Kwenye basi la abiria usithubutu, wala treni. Ile ni baruti hata kama imefungwa karatasi ya maua, ukiificha kwenye begi chini kuna watu sitini wamekaa juu yake na wao hawajui, ikikamatwa ni wewe na aliyekutumia. Muulize muuzaji mwenyewe kama ana kibali cha kusafirisha na anasafirishaje mizigo ya mikoani, mwenye leseni anajua utaratibu na atakupa karatasi. Akikwambia funga tu kwenye nguo hakuna shida, huyo usinunue kwake.

DJ Bangwe:

Na ukienda polisi kuhusu kibali uliza hapo hapo nani anauza kihalali Kanda ya Magharibi, wanawajua. Unaweza kukuta huhitaji Dar kabisa.